Daktari John Kirk na Bustani ya Mbweni

Katika nchi ya Ufipa, mvua zinapoanza kunyesha mwezi wa Novemba, watu hutengeneza bustani karibu na nyumba zao. Hupanda maboga, maharage na mahindi ya kuchoma, nao watoto hujua vema ni ndege gani ajaye asubuhi kufukua mbegu, na ni mnyama gani ajaye usiku. Mambo hayo huonekana kila siku, wala hakuna ayaandikaye. Habari hizi ni za mtu aliyeyaandika. Alikuwa tabibu, akawa balozi, akakaa Unguja miaka ishirini, na katika kazi zake zote hakuacha kutazama mimea. Jina lake ni John Kirk.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, nchi ya Scotland, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza. Nchi hiyo ni ya baridi kuliko Sumbawanga wakati wa Juni, na bustani zake hulala miezi mingi bila jani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana huyu akaenda mji wa Edinburgh kujifunza utabibu, akapata cheti chake mwaka 1854. Siku zile kila mwanafunzi wa utabibu alilazimika kujifunza elimu ya mimea, kwa kuwa dawa nyingi zilitoka katika mizizi, maganda na majani. Wengi walijifunza kwa ajili ya mtihani tu, wakasahau. Kirk aliipenda elimu hiyo maisha yake yote. Vita vya Crimea vilipotokea, alipelekwa Uturuki kutibu askari katika hospitali, na kila alipopata nafasi alitembea vilimani akikusanya maua.

Mwaka 1858 David Livingstone alikuwa akitafuta watu wa kufuatana naye katika mto Zambezi. Kirk alichaguliwa awe tabibu wa safari, na pia mkusanyaji wa mimea. Kazi hiyo ya pili huonekana kuwa nyepesi, lakini sivyo. Tawi lenye majani na maua hulazwa katikati ya karatasi, likakandamizwa kwa mbao, na karatasi hubadilishwa mara kwa mara mpaka tawi likauke bila kuoza. Kando yake huandikwa mahali lilipopatikana, siku ya mwezi, rangi ya ua kabla halijafifia, na jina ambalo wenyeji huliita. Jina la wenyeji ndilo lenye faida kuliko yote, maana wao ndio wajuao mti ule una kazi gani. Kirk alifanya hayo katika mashua yenye joto na unyevu, huku homa ikimshika yeye na wenzake.

Mwezi wa Novemba mwaka 1860, katika maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka. Kirk mwenyewe aliponea chupuchupu, lakini maji yalichukua vyombo vyake, vitabu vyake vya maandishi, na picha nyingi za mimea alizozichora kwa mkono. Kazi ya miaka miwili ikaenda na mto. Hakurudi kwao kwa sababu hiyo. Alianza upya kukusanya, akaendelea mpaka mwaka 1863, ndipo ugonjwa wa kuhara damu ulipomlazimisha kuondoka.

Iko habari moja ya safari hiyo ambayo matabibu huipenda sana. Wawindaji wa nchi ya mto Shire walikuwa wakipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, nayo hutoka katika mbegu za mmea utambaao juu ya miti ya msituni. Mnyama akipigwa kwa mshale huo hafiki mbali. Kirk alichukua sumu hiyo akaitia mfukoni ili aichunguze baadaye. Katika mfuko ule ule ulikuwamo mswaki wake. Alipopiga mswaki, akahisi uchungu mdomoni, kisha akajipima mapigo ya moyo wake, akaona yamepungua. Mtu mwingine angalitema mate na kuutupa mswaki. Kirk akafahamu kwamba sumu hiyo hufanya kazi juu ya moyo, na ya kuwa kitu kiuacho kwa wingi huenda kikaponya kwa uchache. Mbegu zilipelekwa Edinburgh, mwalimu mmoja jina lake Thomas Fraser akazichunguza, na dawa iliyotoka humo ikatumika miaka mingi kwa wagonjwa wa moyo katika nchi za Ulaya. Elimu ya kwanza ilikuwa ya wawindaji wa Shire. Majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1866 Kirk alifika Unguja kuwa tabibu wa ubalozi wa Uingereza. Mwaka uliofuata alioa bibi mmoja, Helen Cooke. Unguja ya siku zile ilikuwa mji mkubwa wa biashara. Merikebu zilijaa bandarini zikingoja pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, na watu. Watumwa walioletwa kutoka bara, wengine kutoka nchi za Nyasa na wengine kutoka pande za Ziwa Tanganyika, waliuzwa sokoni hadharani mchana. Kirk alipita huko akienda kutazama wagonjwa. Mwaka 1869 na 1870 ugonjwa wa kipindupindu ulipoingia kisiwani uliua watu maelfu, naye alikuwa miongoni mwa matabibu wachache waliokuwako.

Alipata cheo juu ya cheo, mpaka akawa balozi mkuu. Naye Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870, akampa nyumba huko Mbweni, kusini ya mji, kando ya bahari. Hapo ndipo Kirk alipofanya bustani.

Bustani hiyo haikuwa ya kupendeza macho tu. Huko London iko bustani kubwa ya serikali iitwayo Kew, na wakubwa wake walikuwa wakiandikiana na watu walioko katika nchi zote za dunia. Kirk aliwapelekea mimea ya Afrika; wao walimpelekea mbegu na miche ya nchi nyingine, ili ajaribu kama itastawi katika udongo wa Unguja. Mbegu ikikaa miezi mingi ndani ya merikebu huharibika, na mche hufa kwa chumvi ya bahari. Kwa hiyo siku zile miche ilisafirishwa katika makasha yenye vioo, ikapata mwanga pasipo kuguswa na upepo wa bahari. Iliyofika hai ilipandwa, ikatunzwa na kuandikwa habari zake. Iliyostawi watu waliweza kupewa mbegu zake. Huo ulikuwa mwanzo wa kazi ambayo baadaye ilifanywa na serikali katika mashamba ya majaribio.

Bustani za Unguja zina wageni wake, na mwenye bustani hana budi kuwazoea. Asubuhi huja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopindika, akanywa asali ya maua bila kutua sana. Jioni popo wakubwa hutoka kwa makundi kwenda kula maembe. Usiku hulia komba, naye ana macho makubwa na mkia mrefu; hupenda matunda yaliyoiva, na tena hupenda tembo, hata watu husema mtu mlevi amelewa kama komba. Lakini mgeni wa ajabu kuliko hao ni kima punju. Mgongo wake ni mwekundu, uso wake mweusi, na juu ya kichwa ana nywele nyeupe zilizosimama kama mvi za mzee aliyeamka sasa hivi. Hula majani machanga na matunda mabichi, na wakati mwingine hula hata mkaa. Asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake. Wenyeji walimjua tangu zamani, na jina lake laonyesha kwamba walimwogopa, maana punju ni sumu. Kirk alipeleka habari zake London, na mwaka 1868 mtaalamu mmoja wa huko akampa mnyama huyo jina la kitaalamu lenye jina la Kirk ndani yake. Vivyo hivyo digidigi, yule paa mdogo kuliko wote wa nyika zetu, naye huitwa na wataalamu kwa jina la Kirk.

Kirk hakutazama bustani yake tu. Alipovuka kwenda bara karibu na Dar es Salaam, aliona mmea utambaao juu ya miti, ambao ukikatwa hutoa maziwa meupe. Watoto wa pwani waliujua kwa matunda yake, maana huliwa. Kirk alijaribu maziwa yake, akaona yakigandishwa huwa mpira mzuri sana, akawapasha habari wafanyaji wa biashara. Baada ya miaka michache mpira wa msituni ukawa miongoni mwa bidhaa kubwa za pwani, nao watu wengi walipata fedha kwa kuutafuta. Ni kweli pia kwamba mahali pengine watu waliukata mpaka ukatoweka, kwani asiyepanda akavuna tu huimaliza akiba. Mmea huo nao umepewa jina la Kirk.

Jambo jingine lilikuwa sandarusi. Watu wa pwani waliichimba ardhini mahali ambapo hapana miti, wakaiuza kwa watengenezaji wa rangi ya kung'arisha mbao. Wanunuzi wa Ulaya walibishana sana juu ya asili yake. Kirk alizitazama vipande kwa makini, akaona ndani yake majani na maua yaliyonaswa zamani sana, nayo ni sawa na ya mti wa mtandarusi ulioko bado katika misitu ya pwani. Hivyo akaonyesha ya kuwa mahali palipo nyika leo palikuwa na msitu zamani, miti ikafa ikaisha, na utomvu wake ukabaki chini ya mchanga.

Katika mwezi wa Aprili 1872 tufani kuu ilipiga Unguja. Merikebu zilivunjika bandarini, nyumba zikaezuliwa, na mikarafuu ya kisiwa ikang'olewa kwa sehemu kubwa sana, hata ikawa kazi ya miaka mingi kuirudisha. Kisiwa cha Pemba hakikuumia sana, na ndiyo sababu mojawapo karafuu za Pemba zikawa nyingi kuliko za Unguja. Mwenye kulima bustani ndogo hujua huzuni ya kukuta miche imelala baada ya upepo. Kisiwa kizima kilikuwa katika huzuni hiyo.

Mwaka huo huo Kirk alipata taabu ya namna nyingine. Livingstone alikuwa bara, mbali, wala watu wa Ulaya hawakujua kama yu hai. Kirk alimpelekea vitu pamoja na wapagazi, lakini wapagazi walikawia Bagamoyo, na vitu vingine viliibwa vilipofika Ujiji. Mwandishi wa magazeti Henry Stanley, aliyemkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, alirudi Ulaya akimlaumu Kirk mbele ya ulimwengu kwamba amemsahau rafiki yake. Livingstone naye alikasirika. Akiwa na uchungu huo alitoka Unyanyembe mwezi wa Agosti 1872, akashika njia ya milima ya Ufipa iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, akiwa dhaifu, akaenda kufia kijijini kwa Chitambo mwezi wa Mei 1873. Susi na Chuma na wenzao walipoichukua maiti yake kuirudisha pwani, walipita tena kando ya nchi hiyo ya Ufipa. Lawama za Stanley zilichunguzwa na wakubwa waliotoka Uingereza, wala Kirk hakuonekana kuwa na hatia. Lakini hakupata nafasi ya kukutana na Livingstone wakapatana uso kwa uso.

Wakati Livingstone akifa bara, Kirk alikuwa katika jambo zito mjini. Mwezi wa Januari 1873 mjumbe wa Malkia, Sir Bartle Frere, alikuja Unguja kumtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Barghash alikataa. Mashamba yake na ya watu wake yalikuwa yameharibiwa na tufani, nao walioyalima, na waliochuma karafuu kwa vikapu na ngazi, walikuwa watumwa. Aliona kwamba akikubali watu wake watamwasi. Frere akaenda zake bila mapatano. Mambo yakamwangukia Kirk, ambaye alikuwa akimjua Barghash kwa miaka mingi na kusema naye kama rafiki.

Mwezi wa Juni barua ilifika kutoka London: Sultani akizidi kukataa, manowari za Kiingereza zitaizingira Unguja, pasiingie wala kutoka chombo. Kirk alimpelekea Barghash maneno hayo. Hakumficha neno, wala hakumpa tumaini la uongo. Alikaa na wazee na wakubwa wa mji, akawaonyesha kwamba kisiwa kisicholima chakula cha kutosha hakiwezi kustahimili kuzingirwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi. Tangu siku ile ikawa haramu kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Katika sikukuu ya Kuzaliwa ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali palipokuwa soko, huko Mkunazini, nalo kanisa hilo lipo hata leo.

Isidhaniwe kwamba utumwa uliisha siku hiyo. Waliokuwa watumwa mashambani walibaki watumwa. Wafanyaji wa biashara waliacha njia ya bahari wakawapitisha watu kwa miguu kando ya pwani, mpaka mwaka 1876 Barghash alipotoa amri nyingine ya kukataza misafara ya bara. Kirk alikaza amri hizo mwaka baada ya mwaka, jambo lililokuwa gumu kuliko kupata sahihi. Vyombo vilivyokamatwa vikiwa na watumwa vililetwa Unguja, na wengi wa watu waliookolewa walipewa mahali pa kujenga na kulima huko Mbweni, katika shamba la misioni. Walitoka katika makabila mengi, hawakuelewana lugha, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zao. Hivyo majirani wa bustani ya Kirk walikuwa watu waliouzwa, nao sasa walikuwa wakilima mihogo yao wenyewe na kula mavuno yao wenyewe.

Mwaka 1884 Kirk alipeleka Kew ua dogo la rangi ya urujuani, lenye majani manene yenye manyoya, ambalo huota penye kivuli na unyevu katika mawe. Tawi lile halikutosha kulijua vema, likawekwa kando. Miaka minane baadaye Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao kutoka Usambara, nalo likapewa jina la Saint Paul. Ua hilo sasa limo katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wenye nyumba wengi hawajui kwamba kwao ni milima ya Tanzania.

Mwisho wa kazi ya Kirk haukuwa na furaha. Kwa miaka mingi alimwambia Barghash kwamba Waingereza watalinda enzi yake. Kisha Carl Peters akaja mwisho wa mwaka 1884, akafanya mapatano na machifu wa bara, na mwaka 1885 manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya jumba la Sultani. Serikali ya Kirk haikutaka kugombana na Wajerumani, ikamwamuru amshauri Barghash akubali. Akalazimika kumwendea mtu aliyempa nyumba ya Mbweni na kumwambia aiache nchi ya bara. Alitii amri. Mwaka 1886 aliondoka Unguja asirudi kukaa tena, na Barghash alikufa mwaka 1888. Nyumba ya Mbweni ikawa mikononi mwa Caroline Thackeray, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana waliookolewa katika utumwa, naye akaishi Mbweni mpaka alipokufa mwaka 1926.

Kirk alikaa mji wa Sevenoaks, kusini ya London, akalima bustani nyingine. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, umri wake miaka 89. Mwaka huo huo sheria ya kuondoa utumwa ilitolewa katika Tanganyika. Mwanawe, aliyekuwa askari, aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea ya bustani za Uingereza, nacho kilitolewa mwaka 1927.

Kima punju wangali Unguja, zaidi katika msitu wa Jozani. Palipo na shamba karibu na msitu hushuka asubuhi kwa makundi, wazazi na watoto, wakala majani machanga ya miti ya watu, na wakulima hulalamika.